Siku Mbuga ya Kamlenda Ilipogeuka

Dafrosa Severini alizaliwa na kukulia kwenye kijito cha Kamlenda, kaskazini ya Mpanda, mahali ambapo siku hizi hakuna nyumba hata moja. Mimi nilimfahamu akiwa mtu mzima wa Makanyagio, mtaa wa Mpanda mjini, muuza vitumbua. Haya ninayoyasimulia nimeyapata kwake mwenyewe na kwa rafiki yake Paskalia, kila mmoja kwa wakati wake, na maelezo yao hayakupishana sana.

Kamlenda si mto. Wakati wa kiangazi mtoto anakiruka bila kukimbia. Jina lake limetokana na mlenda pori uliojaa kwenye kingo, na kingo zenyewe zinateleza kama mlenda uliopikwa. Ukianzia chini, kule kinakoingia mto Katuma, ukapanda nacho, unakutana kwanza na kijito kingine cha mkono wa kulia, chenye maji mekundu, kinachotoka kwenye vilima vya mininga. Mbele kidogo kuna cha pili, maji yake meusi kwa majani yaliyooza. Halafu kuna mawe makubwa ambapo wanawake walikuwa wakifulia, halafu mashamba ya mpunga, halafu hakuna kijito tena. Kinaishia mbugani. Kingo zinafifia, maji yanatawanyika kwenye nyasi, na mbele yako ni uwanda usioonyesha unainukia wapi wala unainamia wapi. Katikati ya uwanda huo kuna vichuguu vikubwa vilivyoota miti juu yake, kimoja hapa, kimoja kule, kama watu waliosimama wakisubiri kitu.

Watu wa Kamlenda walijua maji yao yanakwenda wapi. Yanaingia Katuma, Katuma inashuka mpaka kwenye viboko wa Katavi, na mwisho ni Ziwa Rukwa. Hilo hakuna aliyelibishia. Lakini wazee walikuwa na neno ambalo vijana waliliacha lipite tu. Walisema mvua ikizidi, mbuga hugeuka, kama mtu aliyelala anavyogeuka ubavu. Ukiwauliza inageukia wapi, walijibu, "Inageuka tu."

Na kulikuwa na mafundisho mengine, haya ya wanawake. Mama yake Dafrosa alimfundisha kama na yeye alivyofundishwa: ukiwa majini au kando ya maji, sauti ikakuita jina na humwoni anayeita, usiitikie. Nyamaza, maliza kazi yako, nenda nyumbani. Aliyeitikia hakai mwaka.

Dafrosa aliolewa na Anicet, kijana wa nyumba ya pili, mfupi mwenye mikono mirefu, mtegaji wa migono. Mgono ni kapu refu la fito. Samaki akiingia kwenye mdomo wake hapati njia ya kutoka. Anicet aliisuka mwenyewe, akaitega kijitoni kila masika, na nyumba yao haikukosa kambare wa kukausha. Walipata mtoto mmoja, Hilaria. Tangu Hilaria azaliwe, Anicet hakumwita mkewe kwa jina. Alikuwa Mama Hilaria mbele za watu na Mama Hilaria ndani ya nyumba. "Dafro" lilikuwa jina la siku za uchumba, la kunong'onezwa nyuma ya ghala, na lilibaki huko.

Mvua za mwaka 1972 ziliwatisha hata watu wazima. Ilipofika mwezi wa tatu Kamlenda ilikuwa imefunika mawe ya kufulia, na mbuga yote ilikuwa maji, nyasi zikitokeza vichwa tu. Asubuhi moja Anicet alibeba mtumbwi wake wa gome la mti, ule mwepesi ambao mtu mmoja anauweka kichwani, akapakia migono.

"Kambare wamepanda mbugani kutaga," alimwambia mkewe. "Nikitega kule ndani tutakuwa na kitoweo mpaka kiangazi."

"Maji ni mengi sana, Baba Hilaria."

"Ni mengi lakini yamelala. Angalia. Hayaendi popote."

Kweli, hayakuwa yanakwenda popote. Kule chini kijito kilikuwa kinanguruma, lakini mbugani maji yalikuwa yametulia kama ya kwenye chungu, yamechukua rangi ya mawingu. Anicet aliingia akisukuma mtumbwi kwa mti mrefu. Alipita kichuguu cha kwanza, akapita cha pili, kisha nyasi zikamficha.

Dafrosa alibaki pembeni akipalilia mpunga, wanawake wengine wakiwa mbali kwenye mashamba yao. Mchana ule hapakuwa na jua wala upepo. Vyura walikuwa wakipiga kelele tangu asubuhi, naye alikuwa ameshaacha kuwasikia, mpaka waliponyamaza wote kwa pamoja. Ndipo alipojua kwamba walikuwa wakilia. Akainua kichwa.

"Dafro!"

Sauti ilitoka ndani ya mbuga. Ilikuwa ya mwanamume, nyembamba kwa umbali, na ilipita juu ya maji bila kuonyesha ilipoanzia. Dafrosa alitazama. Aliona nyasi, maji, vichuguu.

"Dafroo!"

Aliniambia kwamba hakusita hata kidogo. Mumewe alikuwa hamwiti hivyo. Kama angekuwa Anicet angeita Mama Hilaria. Aliyekuwa anaita kule alikuwa amelichukua jina mahali ambapo halikuachwa kwa ajili yake, na mtu wa namna hiyo ndiye hasa ambaye mama yake alimwonya. Akainama. Sauti iliita tena na tena. Aling'oa magugu, na alipotazama mikono yake baadaye aliona ameng'oa na mpunga. Sauti ilipokoma alikwenda nyumbani bila kunawa miguu.

Jioni Anicet hakurudi.

Kulipokucha kaka yake mkubwa, Krispini, alikusanya wanaume. Krispini alikuwa mtu wa kutaka kila jambo liwe na sababu yake. Walianza pale mbuga inapotoa kijito wakashuka nacho, huku na huku, wakichoma fito kwenye kila kichaka kilichokamata takataka. Walipekua penye maji mekundu, wakapekua penye maji meusi. Walifika Katuma, wakawauliza wavuvi, wakaenda mbele zaidi mpaka viboko wakawazuia. Walirudi wameloa, wamekonda, mikono mitupu.

"Mamba anakula mtu," Krispini alimwambia shemeji yake, "lakini hali migono. Hali mtumbwi. Migono ile ilikuwa mingi, shemeji, na fito zinaelea. Inawezekanaje usipatikane hata mmoja?"

Dafrosa alimletea maji ya kunawa. Hakumwambia mtu kwamba alisikia sauti. Msiba ulikaliwa bila maiti, padre alisoma misa parokiani, watu wakatawanyika. Kaburi halikuwapo. Hilaria, ambaye wakati ule alikuwa binti wa kutosha kubeba ndoo kichwani, alizoea kuuliza baba amelala upande gani, na mama yake alizoea kunyoosha mkono kuelekea chini, kunakokwenda maji, kuelekea Rukwa.

Masika iliyofuata mvua ilikuwa kubwa tena, ingawa haikufikia ile. Dafrosa alikwenda peke yake kusimama pembeni ya mbuga. Bua kavu la mtama lilikuwa likielea karibu na miguu yake. Alilitazama kwa sababu hapakuwa na kingine cha kutazama, na baada ya muda akaona linaondoka. Lilikuwa linakwenda pole pole mno, lakini halikuwa linakwenda kijitoni. Lilikuwa linaingia ndani ya mbuga, kuelekea kaskazini, likipinda kwenye nyasi kama mtu anayejua njia. Akatupa jani. Jani nalo likalifuata bua.

Alimkimbilia Krispini.

"Maji yanarudi nyuma."

"Yanarudi wapi?"

"Yanaingia mbugani. Nimeyaona."

"Ni upepo, shemeji."

"Hakuna upepo."

Krispini alitazama juu ya miti, akaona kweli hakuna, akasema tena kwa upole zaidi kwamba ni upepo. Tangu siku hiyo watu walianza kuzungumza naye kwa sauti ya chini, kama mtu anavyozungumza na mgonjwa.

Kiangazi cha mwaka 1974 ilikuja amri ya kuhamia vijijini. Malori yalifika mpaka pale barabara ilipokomea, na watu wa Kamlenda wakapata muda wa kufunga mizigo, kukamata kuku na kung'oa milango. Krispini alikwenda na ukoo wa mkewe kwenye kijiji cha barabara ya Tabora. Dafrosa na Hilaria walishushwa kando ya reli, kwenye kijiji ambacho hakikuwa na jina bado, na watu wakakiita Kijiji Kipya hivyo hivyo. Nyumba zilipangwa kwa mistari. Watu waliletwa kutoka kila upande, na mtu aliyezoea kusikia majogoo ya nyumba mbili tatu sasa alisikia ya wilaya nzima.

Jirani yake alikuwa mwanamke mrefu, Mkonongo kama yeye, mwenye mume mrina asali anayeitwa Melkiadi. Mwanamke mwenyewe jina lake lilikuwa Paskalia, lakini Dafrosa alimjua kama Mama Telesphor, na yeye alijulikana kama Mama Hilaria. Hivyo ndivyo walivyoitana walipokopeshana chumvi, walipotwanga pamoja, walipotafutana wakati wa kwenda kuchota maji.

"Nyie mlikuwa mnakaa wapi?" Dafrosa aliwahi kumwuliza.

"Upande wa pili wa pori. Kijito chetu kilikuwa kinakwenda mto Ugalla."

Dafrosa aliitikia kwa adabu tu. Kwake yeye Ugalla ilikuwa mahali ambapo treni inapita ikienda Kaliua, mbali kama Tabora. Hakuuliza zaidi, na Paskalia hakueleza zaidi. Wakaishi hivyo mpaka mvua zikaingia.

Asubuhi moja mwanzoni mwa mwaka 1975 walikuwa wanapalilia mahindi, shamba na shamba. Mahindi yalikuwa yamefika kifuani. Ng'ambo ya shamba, kutoka upande wa reli, mwanamume akaita.

"Dafro! We Dafroo!"

Jembe la Paskalia lilianguka. Dafrosa aligeuka akamwona jirani yake amesimama, mikono imeshika kichwa, macho yanatazama mahindi yanayotikisika. Mtu alikuwa anakuja kati ya mistari. Paskalia hakusubiri kumwona. Aliokota kanga yake akakimbia.

Aliyetokea kwenye mahindi alikuwa Krispini, ameshuka kwenye treni ya mizigo, ana mkungu wa ndizi begani. Walisalimiana, wakaulizana habari za watoto. Lakini Dafrosa alikuwa na jambo moja tu.

"Shemeji, mbona umeniita jina?"

Krispini alicheka. "Ningekuitaje sasa? Nimesimama pale relini nikaita shemeji, wakageuka wanawake nusu ya shamba. Nikaita Mama Hilaria, akaitikia bibi mmoja simjui. Mtu akiwa mbali unamwita kwa jina lake ajue ni yeye."

Dafrosa alikaa chini kwenye tuta. Krispini alidhani ni jua, akamtafutia maji. Wala hakujua amesema nini. Dafrosa alikuwa anamwangalia mdomo, mdomo ule wa ukoo wao wenye sauti moja, na kwa mara ya kwanza alielewa kwa nini mtu aliyekwama katikati ya maji, anayemwona mkewe kwa mbali amesimama na wanawake wengine mashambani, angeita Dafro.

Kesho yake Paskalia alikuja mwenyewe. Hakupiga hodi ya kawaida. Alisimama mlangoni mpaka akaonekana.

"Mama Hilaria, jina lako ni Dafrosa?"

"Ndiyo."

"Na yule aliyeita jana ni nani yako?"

"Shemeji yangu. Kaka wa marehemu mume wangu."

Paskalia aliingia akakaa kwenye mkeka, akaanza kulia bila sauti. Kisha akaeleza. Mwaka ule wa mvua kubwa, kijito chao, ambacho nacho kilitoka mbugani lakini kwa upande wa kaskazini, kilijaa siku moja mchana bila mvua kunyesha kwao. Maji yalikuja tu, mengi, yakiwa na nyasi za mbugani. Siku hiyohiyo alisikia mwanamume akiita mbugani, kwa mbali. Dafro, Dafro. Hawakujua ni neno gani. Kwao hapakuwa na mtu wa jina hilo.

"Siku zilipopita maji yakashuka," Paskalia alisema. "Mume wangu alikwenda kuangalia mizinga. Akamkuta mtu kwenye matete. Alikuwa amekwisha. Pembeni yake kulikuwa na migono, imefungwa pamoja kwa kamba."

"Alikuwa amevaa nini?"

"Shati la kaki. Begani limetiwa kiraka cha kanga, nyekundu."

Kiraka kile alikishona Dafrosa mwenyewe.

"Tulimzika vizuri," Paskalia aliendelea haraka. "Mume wangu alitoa taarifa kwa balozi wa nyumba kumi, wakaulizia kila kijiji kwenye maji yetu mpaka stesheni ya Ugalla. Hakuna aliyempoteza mtu. Tulipaita mahali pale Kwa Mgeni. Nilikuwa nafagia kaburi mwenyewe. Lakini kila masika, mbuga ikijaa, sauti inaita. Ile ile. Wanawake wengine walianza kuogopa kwenda kuteka maji. Jana nilipoisikia mchana kweupe, hapa, nilijua imetufuata."

Nje Hilaria alikuwa anatwanga.

"Siku ile ya kwanza," Dafrosa aliuliza, "alipokuwa bado anaita mwenyewe. Uliitikia?"

Paskalia alitazama mkeka. "Mama yangu alinifundisha..." Hakumaliza.

"Na mimi wa kwangu alinifundisha."

"Na wewe ulimsikia?"

"Nilimsikia."

Wanawake wale wawili, kila mmoja na mwisho wake wa mbuga, walikuwa wamemsikia mtu mmoja mchana mmoja, na wote wawili walikuwa wamenyamaza kwa sababu ile ile. Paskalia aliniambia kwamba walishikana mikono wakakaa hivyo hadi chakula kikaungua jikoni.

Waliahidiana kwenda maji yakikauka. Mwezi wa nane wa mwaka huohuo Melkiadi, yule mrina asali, aliwaongoza: Dafrosa, Paskalia na Krispini. Pori lilikuwa limeungua. Mbung'o waliwauma migongoni, na wayo wa kila mmoja uliacha alama kwenye majivu. Walilala njiani, na kesho yake jua likiwa limepanda wakatokea mbugani kwa upande wa mashariki.

Dafrosa hakuwahi kuiona mbuga ile kutoka ndani. Ilikuwa kavu, imepasuka nyufa ambazo mguu ungeingia. Melkiadi aliwapeleka kwenye kichuguu kikubwa kuliko vyote, chenye mti uliokufa nusu. Krispini alipanda juu yake, akatazama kusini, akatazama kaskazini, akashuka. Dafrosa naye akapanda. Kusini aliona mstari wa miti ya Kamlenda, na hata mahali palipokuwa na mashamba yao ya mpunga. Akageuka. Kaskazini aliona mstari mwingine wa miti, umbali ule ule, unaokwenda zake kama ndugu wa ule wa kwanza. Aliyekaa hapa aliwaona watu wa pande zote mbili.

Kwenye mti, juu kuliko kichwa cha mtu, kulikuwa na kamba ya gome iliyozungushwa shina mara nyingi, imeingia kwenye ganda la mti kwa kubana. Ilikuwa na nafasi ya kutosha kiuno cha mtu. Krispini alipanda tena akaigusa.

"Alijifunga asichukuliwe," alisema. "Maji yalifika huku."

"Halafu akajifungua?" Paskalia aliuliza.

Kamba haikuwa imekatwa wala kufunguliwa. Fundo lake lilikuwa palepale.

Melkiadi alimimina maji ya kibuyu chake chini, kwenye udongo mweusi, na wote wanne waliinama kutazama yatashukia wapi. Hayakushuka. Yalikaa mahali pamoja, yakatanuka kidogo pande zote, kisha ardhi ikayanywa.

Walifuata kijito cha kaskazini. Nacho kilikuwa kama Kamlenda kwa kila kitu: kingo za kuteleza, mlenda pori uliokauka, mkono wa maji mekundu na mkono wa maji meusi, ila hapa, kwa anayepanda kutoka chini, mwekundu ulikuwa kushoto. Dafrosa alikuwa anatembea kwenye mahali alipopajua kinyumenyume. Alipofika penye mawe makubwa alijua kabla ya kuyaona kwamba yatakuwapo, na akajua kwamba wanawake walikuwa wakifulia pale. "Ndiyo," Paskalia alimwambia, "tulikuwa tunafulia hapa."

Kitongoji chao kilikuwa kimekufa. Kuta zilikuwa zimeshuka, maboga ya mwituni yalikuwa yamepanda juu ya mafiga, na nyasi zilikuwa zimefunika njia zote. Melkiadi ilibidi akate njia kwa panga. Alikata mpaka kwenye mninga mmoja, kisha akasimama, panga likiwa hewani.

Kaburi lilikuwa limefagiwa.

Nyasi zilikuwa zimeizunguka sehemu ile kwa urefu wa mtu, lakini juu ya kaburi na hatua kadhaa kulizunguka palikuwa peupe, udongo umelainika, na mistari ya ufagio ilionekana wazi. Jani moja la mninga lilianguka mbele ya macho yao likatua pale, na lilikuwa ndilo jani pekee.

"Umekuja hapa lini?" Krispini alimwuliza Melkiadi.

"Sijafika hapa tangu malori yatuchukue."

"Mke wako?"

Paskalia alitikisa kichwa. Alikuwa amejificha nyuma ya Dafrosa, mrefu hivyo, amejikunyata.

Krispini alitazama mistari ile kwa muda mrefu. Wote walisubiri aseme ni upepo, na Paskalia aliniambia kwamba siku ile wangefurahi kulisikia neno hilo. Hakulisema. Alivua kofia.

Dafrosa alikwenda akapiga magoti. Aliweka mkono juu ya udongo, ukawa wa baridi ingawa jua lilikuwa kali.

"Abee," alisema, kama mke anavyomwitikia mumewe. "Abee, Baba Hilaria. Nilikusikia. Nimechelewa."

Wakasali Baba Yetu na Salamu Maria. Krispini alichonga msalaba wa mti, Melkiadi akauchimbia. Waliondoka jua likiwa bado juu, wakitembea upesi, na hakuna aliyependa kuwa wa mwisho kwenye mstari. Mwishowe Dafrosa alikubali kuwa yeye wa mwisho.

Hilaria aliambiwa baba yake amelala wapi. Binti alisikiliza, akauliza swali moja: kama njia ile inapitika wakati wa masika. Mama yake akamwambia haipitiki.

Mvua za mwaka uliofuata zilipojaza mbuga, Melkiadi alikuwa porini na mizinga yake. Aliporudi alipita kwake kwanza akaacha asali, akaja kusimama kwenye uwanja wa Dafrosa. Alikuwa mtu asiyependa maneno mengi.

"Nimepita pale, Mama Hilaria."

"Bado inaita?"

"Hapana. Haiiti tena."

Dafrosa alifanya ishara ya msalaba.

"Inaongea," Melkiadi alisema.

"Inaongeaje?"

"Kwa chini. Kama mtu anavyoongea na mtu aliye karibu naye. Inaongea, inanyamaza kidogo, inacheka, inaongea tena."

"Na nani?"

"Sikukaa kusikiliza."

Dafrosa alimshukuru kwa habari na kumwuliza kuhusu asali, kama ilikuwa nyingi mwaka huo. Ilikuwa nyingi.

Mwaka 1977 Hilaria aliolewa na fundi mmoja wa Makanyagio, na mama yake alimfuata mjini. Krispini aliwahi kutuma wazee kumwuliza kama angekubali kukaa kwake, kama desturi ya kurithi mjane wa ndugu ilivyokuwa, naye alikataa kwa heshima, akatuma kuku. Alijenga chumba kimoja nyuma ya nyumba ya mkwe wake, akaanza kukaanga vitumbua asubuhi na kuvipeleka stesheni. Paskalia alikuja kumtembelea mara kwa mara, akishuka kwenye treni na kopo la asali limefungwa kwa kitambaa. Wakikaa pamoja walizungumza habari za watoto, bei ya mchele, na nani amekufa kule Kijiji Kipya.

Nilimwuliza Dafrosa siku moja kama angependa kurudi kule mara nyingine. Alikuwa anageuza vitumbua kwa njiti, hakuacha kazi yake.

"Kwenda naweza," alisema. "Lakini Baba Hilaria ameshapata wa kumwitikia, na sasa nitakuwa nakatiza mazungumzo ya watu."

Kisha akanipa vitumbua vyangu kwenye karatasi, akamhudumia mteja aliyekuwa nyuma yangu.